Shajara ya mradi: rejista ya korosho na faili zinazopotea njia

Ninatengeneza rejista ndogo ya mtandaoni kwa chama kimoja cha msingi cha wakulima wa korosho, huku Mtwara vijijini. Karani akipima gunia, jina la mkulima, uzito na daraja viingie mahali pamoja, na katibu atoe ripoti bila kufungua madaftari manne. Basi. Naandika hapa kila hatua inapokamilika, ili fundi wa chama kingine, awe Newala au Ruangwa, akitaka kunakili anakili. Yaliyokwenda sawa nitayapita mbio. Yaliyonikwamisha nitayakalia, na nawaambia mapema kwamba karibu yote yana mzizi mmoja: faili ya PHP (lugha ya kuandikia programu za tovuti) inaita faili nyingine, na haiioni.

Jumamosi, 14 Juni 2025. Kuanza

Laptop ya mtumba yenye Windows 10. Apache (seva ya kurasa), PHP 8.2 na MySQL (hifadhidata) nimeziweka mwenyewe kwa mkono. Kurasa mbili za mwanzo zimesimama: `index.php` na `pokea.php`. Kichwa cha ukurasa sikutaka kukiandika upya kila mahali, kwa hiyo nimekitenga kwenye folda ya `vipande`:

```
rejista/
   index.php
   pokea.php
   ripoti/mwezi.php
   vipande/kichwa.php
   vipande/menyu.php
   vipande/hesabu.php
   vipande/bei.php
```

Ndani ya `index.php` nimeandika amri ya kuiita faili nyingine, `include 'vipande/kichwa.php';`, na ndani ya `kichwa.php` nimeandika `include 'vipande/menyu.php';`. Imefunguka mara ya kwanza. Nikalala nimeridhika.

Gharama hadi leo: bando la 10,000.

Jumapili, 22 Juni. Ripoti inakataa menyu

Leo nilianza `ripoti/mwezi.php`. Ukurasa huu uko ndani ya folda yake, kwa hiyo kukiita kichwa nikapanda ngazi moja: `include '../vipande/kichwa.php';`. Kichwa kikaja, menyu haikuja. Badala yake:

```
Warning: include(vipande/menyu.php): Failed to open stream: No such file or directory
```

Nikasema ah, kumbe na kwenye kichwa inabidi nipande ngazi. Nikabadilisha ikawa `'../vipande/menyu.php'`. Ripoti ikapona. Nikafungua `index.php`, ikaugua yenyewe. Nikaondoa nukta, ripoti ikaugua tena. Mchezo huu niliucheza kuanzia saa mbili usiku hadi saa sita, sahani ya ming'oko pembeni ikipoa, nikiamini kabisa kwamba kuna herufi nimeikosea mahali.

Hakukuwa na herufi iliyokosewa. Kilichokosewa ni picha niliyokuwa nayo kichwani. Nilidhani njia iliyoandikwa ndani ya `kichwa.php` inahesabiwa kuanzia pale `kichwa.php` ilipo. Sivyo. Kivinjari kikiomba `ripoti/mwezi.php`, PHP inasimama kwenye folda ya `ripoti` na haihami hapo hadi kazi iishe, hata ikiita faili ishirini kutoka folda ishirini. Njia yenye `../` inahesabiwa kutoka pale iliposimama.

Mtu wa kusini ataelewa haraka zaidi kwa barabara. Ukitoka Lindi ukafika Mnazi Mmoja, ukikata kulia unakwenda Masasi. Ukitoka Mtwara ukafika pale pale Mnazi Mmoja, ukikata kulia unakwenda Lindi. Njia panda ni ile ile na neno ni lile lile, ila ulikotoka ndiko kumebadilika. `'../vipande/menyu.php'` ni neno "kulia". Halina maana mpaka ujue aliyeambiwa ametokea wapi.

Uthibitisho ni mstari mmoja tu, uweke juu ya faili yoyote inayokusumbua:

```
echo getcwd();
```

Itakuonyesha PHP imesimama wapi. Niliuweka ndani ya `kichwa.php`, nikafungua kurasa zote mbili, zikatoka folda mbili tofauti kutoka kwenye faili ile ile moja. Ningeanza na mstari huu saa mbili usiku, ming'oko ningeila ya moto.

Jumapili, 29 Juni. Dawa niliyodhani ni dawa

Katika kuchezacheza nimegundua kwamba nikiandika jina tupu, bila nukta wala folda, inafanya kazi kote: ndani ya `kichwa.php` weka `include 'menyu.php';` tu. `index.php` inafunguka, na ripoti inafunguka. Nimebadilisha kila kitu ndani ya `vipande` kwa mtindo huo. `hesabu.php` sasa inaita bei kwa `include 'bei.php';`.

Naacha maneno haya kama nilivyoyaandika siku ile. Yasomwe pamoja na ya wiki inayofuata.

Jumapili, 6 Julai. Bei ya zamani

Nilimpelekea katibu ripoti ya majaribio. Mizigo ni ya kubuni na bei ni ya kubuni pia, nilijiwekea 3,000 kwa kilo kwa "msimu huu" na 2,500 kwa "msimu uliopita", ili tu hesabu zionekane. Mzee akavaa miwani, akapitisha kidole kwenye safu, akanyamaza. Halafu:

"Fundi, umesema bei ni elfu tatu?"

"Ndiyo, mzee wangu."

"Huyu ana kilo 1,240. Mbona umemwandikia milioni tatu na laki moja?"

Ilitakiwa 3,720,000. Pungufu ya 620,000 kwa mkulima mmoja, kwenye ripoti isiyo na onyo hata moja jekundu. Hapo jasho lilinitoka. Menyu ikipotea, unaona haipo. Hapa faili ilipatikana, ila si yenyewe.

Haya ndiyo yaliyotokea. Wiki mbili nyuma, nikitaka kulinganisha misimu, nilinakili `bei.php` nikaiweka ndani ya `ripoti`, nikaibadilisha iwe na bei ya zamani, halafu nikaisahau. Sasa, `include` ikipewa jina tupu, kwanza PHP inapita kwenye orodha ya folda iitwayo `include_path`. Kwangu `get_include_path()` inatoa `.;C:\php\pear`. Ile nukta ya mwanzo ni pale PHP iliposimama. Ikikosa kwenye orodha yote ndipo inapotazama folda ya faili yenyewe iliyotoa amri.

Kwa hiyo `hesabu.php` ilipoitwa na `ripoti/mwezi.php`, ikaulizia `bei.php`. PHP ikatazama kwanza `ripoti`, ikakuta kuna `bei.php`, ikaichukua na kushukuru. `vipande/bei.php`, iliyolala pembeni kabisa ya `hesabu.php`, haikufikiwa hata kuulizwa. Na menyu ilifanya kazi kwa bahati tu, kwa kuwa hakuna folda nyingine yenye faili ya jina hilo.

Zingatia pia: ungeandika `'./bei.php'` ukidhani nukta ni "hapa nilipo mimi", mambo yangekuwa yale yale au mabaya zaidi. Njia ikianza na `./` au `../`, `include_path` inarukwa yote, folda ya faili inayoita haitazamwi, na inabaki pale PHP iliposimama peke yake.

Kilichonionyesha mkosaji ni hii, niliyoiweka mwisho wa ripoti:

```
print_r(get_included_files());
```

Inaorodhesha faili zote zilizoitwa, kwa njia kamili. Mstari wa tano: `...\ripoti\bei.php`. Dakika mbili.

Dawa yenyewe:

```
require __DIR__ . '/bei.php';
```

`__DIR__` ni folda ya faili ambamo neno hilo limeandikwa. Aliyeiita faili hiyo ni nani, kutoka wapi, haliihusu. Ni sawa na kumwambia dereva "Masasi" badala ya "kulia". Imekuwepo tangu PHP 5.3 ya mwaka 2009. Kwenye msimbo wa zamani utakuta `dirname(__FILE__)`, nayo inafanya kazi ile ile.

Hata dawa niliinywa vibaya mara mbili. Kwanza niliiweka ndani ya alama za nukuu, `'__DIR__/bei.php'`, PHP ikaisoma kama maandishi ya kawaida na kutafuta folda inayoitwa hivyo. Pili nilisahau mkwaju (`/`), `__DIR__ . 'bei.php'`, ikatafuta faili iitwayo `vipandebei.php`. `__DIR__` haimalizii na mkwaju, uweke mwenyewe.

Nilifuta ile nakala ndani ya `ripoti`. Bei za zamani sasa zinaitwa `bei_zamani.php`. Nilimrudishia katibu ripoti, akaipiga kwa kikokotoo chake cha mfukoni mstari kwa mstari, sikumlaumu.

Gharama: boda kwenda na kurudi 4,000, karatasi 3,500.

Jumapili, 13 Julai. include au require, na mara ngapi

Fupi. `include` ikikosa faili hutoa onyo na kuendelea. `require` husimamisha kazi. Kwa mfumo unaohesabu fedha za watu sioni sababu ya kuendelea bila faili ya bei, hivyo nimeweka `require` kila mahali.

Kisha nikajifanya mwangalifu kupita kiasi, nikabadilisha zote kuwa `require_once`. Faili ya mipangilio kwangu inarudisha safu (array, orodha ya thamani zenye majina):

```
return ['seva' => 'localhost', 'hifadhi' => 'rejista'];
```

Kichwa kinaichukua kwa `$m = require_once __DIR__ . '/mipangilio.php';` na kinaipata. Baadaye `hesabu.php` inaandika mstari huo huo, na inapata `true`. Neno `true` tu, bila safu. Ndivyo `_once` ilivyo: ikiona faili imeshaitwa, haiisomi tena, inajibu "ndiyo, imeshakuja". Onyo likaja la `Trying to access array offset on value of type bool`, na mimi saa nzima naitafuta kasoro kwenye MySQL.

Sasa nafanya hivi. Faili yenye vitendaji (functions) inaitwa kwa `require_once`, maana ikiitwa mara mbili PHP inagoma kwa `Cannot redeclare`. Faili inayorudisha kitu inaitwa kwa `require` ya kawaida.

Jumamosi, 26 Julai. Kupandisha kwenye seva

Nimelipia jina na ukaribishaji wa mwaka mmoja, 96,000 jumla. Bando jingine 10,000. Seva ni Linux. Nikapandisha faili zote usiku, kwa kuwa mchana mtandao dukani kwangu Chikongola hauna adabu.

Hakikufunguka kitu. Makosa yalikuwa matatu, yamepangana kama magunia.

La kwanza, herufi kubwa. Faili niliihifadhi kwa jina `Menyu.php`, kwenye msimbo nikaandika `menyu.php`. Windows haijali, Linux inajali. Kwake hizo ni faili mbili. Nimeyafanya majina yote herufi ndogo.

La pili, mkwaju uliolala upande mbaya. Sehemu moja niliandika `__DIR__ . '\vipande\kichwa.php'` kwa mazoea ya Windows. Linux hauchukulii huo kuwa kitenganishi cha folda. Mkwaju wa `/` unakubalika kote kuwili, kwa hiyo tumia huo tu.

La tatu linahitaji maneno zaidi. Kwenye ukurasa mmoja nilikuwa nimejaribu `require '/vipande/kichwa.php';`, nikiwaza kwamba mkwaju wa mwanzo ni mwanzo wa tovuti. Kwa kivinjari ni kweli. Kwa PHP mkwaju wa mwanzo ni mwanzo wa diski nzima ya seva, na huko hakuna folda ya `vipande`, wala hairuhusiwi mpangaji kama mimi kuiweka.

Kichekesho ni kwamba siku hiyo hiyo mtindo wa kurasa za ripoti ulikuwa umepotea, na dawa yake ilikuwa kuongeza mkwaju ule ule. Kichwa kilikuwa na `<link rel="stylesheet" href="mtindo.css">`. Mstari huo PHP haiusomi kama njia, inaupitisha tu kama ulivyo. Anayeusoma ni kivinjari, naye akiwa kwenye `/ripoti/mwezi.php` anaomba `/ripoti/mtindo.css`. Nimeandika `href="/mtindo.css"`, imepona. Kabla ya kuandika njia yoyote sasa najiuliza anayeisoma ni nani: seva kwenye diski yake, au kivinjari kwenye anwani.

Kwa kuwa nilikuwa nimeshavunja kila kitu, nikapanga upya kabisa. Kinachoonekana na watu kiko `public_html`. `vipande`, mipangilio yenye nywila, na kazi za usiku viko ngazi moja juu yake, mahali ambapo kivinjari hakifiki. Laptop nimeipanga vivyo hivyo, na `DocumentRoot` ya Apache nimeielekeza kwenye folda hiyo ya umma, ili `/mtindo.css` iwe na maana ile ile kote. Ukurasa wa ripoti sasa unaanza hivi:

```
require dirname(__DIR__, 2) . '/vipande/kichwa.php';
```

Ile 2 ni ngazi mbili kwenda juu, inakubalika tangu PHP 7.0. Unaweza pia kuandika `__DIR__ . '/../../vipande/kichwa.php'`. Nukta hizo hazina madhara hapa, kwa sababu safari imeanzia mahali palipotajwa.

Jumamosi, 9 Agosti. Kazi ya usiku

Jana ilikuwa Nanenane, nikaenda viwanja vya Ngongo, Lindi. Kurudi nikapita Mnazi Mmoja na kucheka peke yangu ndani ya kosta. Jirani akasogea kidogo.

Katibu alitaka nakala ya mizigo ya siku ihifadhiwe kila usiku. Nimeandika `kazi/nakala.php`, inaamshwa na cron, yaani ratiba ya kazi za seva, saa sita. Jaribio la kwanza kwenye kivinjari, nikiwa nimeiweka kwa muda ndani ya `public_html`, lilikwenda vizuri. Usiku, chini ya cron, ilikufa.

Nilikuwa nimeandika `require $_SERVER['DOCUMENT_ROOT'] . '/../vipande/hesabu.php';`. Nilipoipata mbinu hiyo niliipenda, inaonekana safi. Lakini cron haipiti kwenye Apache. PHP ikiendeshwa kwa mstari wa amri, `DOCUMENT_ROOT` (ile folda ya umma, ambayo Apache ndiyo huitaja) ni tupu, na kinachobaki ni `/../vipande/hesabu.php`, yaani diski tena. Tarehe 30 Julai nikaweka `dirname(__DIR__) . '/vipande/hesabu.php'`. Usiku ule haikulalamika.

Wala haikuhifadhi kitu kwenye folda ya nakala. Usiku wa kwanza nilidhani hakuna mizigo. Kuanzia wa pili sikuangalia, kazi za dukani. Leo asubuhi nimefungua akaunti ya seva, na kwenye folda kuu kabisa ya akaunti, nje ya mradi, zimejipanga faili tisa, za tarehe 30 Julai hadi 7 Agosti. Ya jana haipo kwa kuwa Nanenane karani hakuingiza kitu.

Njia za `require` nilikuwa nimezitibu. Ya kuandika faili sikuitibu: `file_put_contents('nakala-' . $tarehe . '.csv', $data);`. Kwenye kivinjari PHP husimama kwenye folda ya ukurasa ulioombwa. Kwenye mstari wa amri husimama pale alipo anayeiamsha, na cron huamkia folda ya nyumbani ya mwenye akaunti. Kwa hiyo `fopen`, `file_exists`, `file_put_contents` na ndugu zao wote wanahitaji `__DIR__` kama `require` inavyoihitaji. Hawa hawana hata ile bahati ya kutazama folda ya faili inayoita.

```
file_put_contents(dirname(__DIR__) . '/nakala/nakala-' . $tarehe . '.csv', $data);
```

Zile tisa nimezihamisha kwa mkono.

Gharama: nauli ya Ngongo sihesabu, ilikuwa sikukuu.

Jumamosi, 23 Agosti. Mlango mmoja

Nimechoka kuhesabu ngazi kwenye kila ukurasa. Juu ya mradi nimeweka `anza.php`:

```
define('MZIZI', __DIR__);
$m = require MZIZI . '/vipande/mipangilio.php';
require_once MZIZI . '/vipande/hesabu.php';
```

Kila ukurasa unahesabu ngazi mara moja tu, kufika `anza.php`. Baada ya hapo ni `MZIZI . '/vipande/...'`. Ukurasa ukihamishwa folda, kinachobadilika ni mstari mmoja. Mipangilio pia inasomwa mara moja, kwa hiyo kile kisa cha `true` hakina pa kurudi.

Kisha nimepekua mradi mzima kutafuta `include` na `require` zisizo na `__DIR__` wala `MZIZI`. Zilibaki mbili, zote kwenye `pokea.php`, ukurasa wa zamani kuliko yote na ambao haujawahi kunisumbua, ndiyo maana sikuwahi kuufungua. Mojawapo ilikuwa `include 'bei.php';`.

Jumla hadi leo: bando mara tatu 30,000, jina na ukaribishaji 96,000, boda 14,000, karatasi 3,500. Ni 143,500. Chama kimenirudishia 96,000. Zinazobaki katibu anasema zitapita kwenye kikao.

Karani ameingiza magunia arobaini ya kubuni kwa simu yake, bila mimi kuwa karibu. Ripoti imetoka, na katibu ameipiga tena kwa kikokotoo. Bado ukurasa wa daraja la pili, na bado hatujaamua mtandao ukikatika mizani iendelee vipi. Kwa sasa daftari linabaki mezani.